Picha Isiyopaswa Kusimama

Kila vuli ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya Mwanza hupokea picha ileile. Bara la Afrika limechorewa mipaka kwa mistari myembamba, mawingu meupe yametapakaa juu yake, na mtu amezungushia Kanda ya Ziwa duara jekundu. Chini kuna maneno: hali si nzuri, wapendwa, tuchukue tahadhari. Tarehe hakuna. Saa hakuna. Mara moja niliona duara lenyewe limeangukia Ziwa Tanganyika. Watu hujibu kwa viganja vya dua, kisha mazungumzo yanarudi kwa Simba na Yanga.

Nataka kuisoma picha hiyo kama tunavyosoma riwaya au filamu. Nani anatazama? Amesimama wapi? Ameacha nini nje ya fremu, na anadhani msomaji wake ni nani? Tunahakiki mashairi ambayo watu mia mbili wameyasoma, lakini picha inayofungua taarifa ya hali ya hewa kila usiku tunaipita kana kwamba ni kalenda ya ukutani. Hoja yangu ni moja tu. Picha ya satelaiti ya hali ya hewa ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa kuhusu ziwa hili, na sisi tunaipokea ikiwa imeharibika, kwa sababu inatufikia ikiwa imesimama.

Tuanze na mahali kamera ilipo. Satelaiti hizi hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukiwa na chombo kwenye umbali huo, kinaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inatumia kujizungusha, kwa hiyo mtu aliye chini akitazama juu, chombo hakiendi popote. Mwingereza Arthur C. Clarke, ambaye baadaye wengi walimjua kwa riwaya zake za anga, alieleza mwaka 1945 jinsi umbali huo ungefaa kwa mawasiliano. Wamarekani walipata picha za kwanza za mawingu kutoka huko Desemba 1966. Jicho lililoelekezwa kwetu lilikuja baadaye: Meteosat-1, iliyorushwa tarehe 23 Novemba 1977 na kuwekwa juu ya Ghuba ya Guinea, pale ambapo ikweta inakutana na longitudo 0.

Mwaka huo unastahili kutazamwa mara mbili. Katikati ya 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tunakumbuka reli, posta na ndege zilizogawanywa kwa ugomvi. Tunasahau kwamba ilivunjika pia idara moja ya hali ya hewa, iliyokuwa ikizihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kutoka Nairobi. Miezi michache baadaye ikapanda angani kamera iliyoweza kuliona ziwa lote kwa mkupuo mmoja, usiku na mchana. Yaani tulipopata jicho moja tulikuwa tumeshagawana macho, kila nchi na ofisi yake, kila ofisi na kipande chake cha maji. Hadi leo, kwenye picha nyingi, mpaka wa Tanzania na Uganda ni mstari mnyoofu unaokatiza ziwani kwenye latitudo 1 kusini. Ni mstari wa kuchekesha kuutazama wingu linapouvuka.

Kabla ya hapo ziwa lilikuwa na watazamaji wengine. Agosti 1858 John Hanning Speke alisimama kwenye kilima karibu na hapa Mwanza, akaona kipande cha maji, akaamua kwamba amelipata chimbuko la Nile. Alikuwa sahihi, ila kwa ushahidi mwembamba mno. Mwenzake Richard Burton hakumkubalia, na kama mhakiki mimi ningesimama na Burton. Ghuba moja haitoshi kuwa hoja. Ilibidi Henry Morton Stanley aanzie Kageye Machi 1875 na mashua yake, azunguke mwambao kwa karibu miezi miwili, ndipo Ulaya ikakubali kwamba hilo ni ziwa moja. Watu wa Ukerewe, waliokuwa wakivuka kila siku kwa shughuli zao, hakuna aliyewauliza. Meteosat-9 inaufanya mzunguko wa Stanley kila baada ya dakika 15, na yenyewe haiwaulizi pia, lakini hilo tutalifikia.

Sasa tazama lile duara zima la dunia kama linavyoonekana kutoka longitudo 0. Afrika iko katikati, kubwa, haijabanwa wala kuvutwa. Kwa mtu aliyekulia kwenye ramani za darasani zilizoifanya Greenland itoshane na bara lake, ni furaha halali. Ulaya imebanwa ukingoni juu, imelala ubavu kama mtu aliyekosa kiti. Lakini usikimbilie kupiga makofi. Shirika linalomiliki satelaiti hizi, EUMETSAT, lina makao yake Darmstadt, Ujerumani, na ni la nchi 30 za Ulaya. Afrika iko katikati kwa sababu chombo cha aina hii hakiwezi kukaa popote isipokuwa juu ya ikweta. Tuko katikati ya picha ambayo haikupigwa kwa ajili yetu.

Ushahidi wa hilo si wa kutafuta kwa tochi. Tangu 2008 shirika hilo limekuwa likiendesha satelaiti nyingine inayopiga theluthi ya kaskazini tu ya duara, na kwa kuwa eneo ni dogo, picha hutoka kila dakika 5. Ulaya dakika 5, Ziwa Victoria dakika 15. Haki pia itendeke: picha zetu hatuuziwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi ulioitwa PUMA ulizipa idara za hali ya hewa za Afrika vituo vya kupokelea data hizo, na kama si hivyo makala haya yangekuwa mafupi. Ninachosema ni kwamba kasi ya picha ni uamuzi wa mhariri, na mhariri ana wasomaji aliowaweka mbele.

Kuna jambo jingine la mahali pa kamera ambalo picha yenyewe haikwambii. Kutoka Ghuba ya Guinea, sisi wa Mwanza tunatazamwa kwa mshazari. Wingu refu la radi, lenye kichwa kilichofika kilomita 15 juu, halionekani pale lilipo. Kichwa chake kinasukumwa upande wa mashariki. Ukipiga hesabu ya pembe kwa longitudo yetu unapata kama kilomita 12. Huo ni karibu upana wa kisiwa kizima cha Ukara. Satelaiti ya Bahari ya Hindi, ambayo tangu 2022 ni Meteosat-9 kwenye longitudo 45.5 mashariki, inatuangalia karibu kutoka utosini, na kosa linapungua hadi kama kilomita 4, safari hii kuelekea magharibi. Kwa hiyo picha mbili za dakika ileile zinaweza kukuwekea dhoruba moja mahali pawili, na zote mbili ni za kweli. Anayezichapisha bila kusema zimetoka jicho gani anafanana na mtu anayenukuu bila kutaja msemaji.

Rangi nazo zinahitaji maelezo, ingawa nitazipitia haraka. Picha ya usiku haioni mwanga, inapima joto. Kitu cha baridi huchorwa cheupe, cha moto cheusi, na vile vichwa vya mawingu vilivyo chini ya nyuzi 70 hasi hupakwa nyekundu au zambarau ili vishtue. Nyekundu hiyo ni baridi kali, ndugu msomaji, si moto, na mtu asiyeambiwa ataisoma kinyume. Tena kamera inapima kichwa cha wingu, haijui miguu yake inafanya nini majini. Kila nukta ya picha ya Meteosat-9 ina upana wa kilomita 3 au zaidi kidogo. Ukara yote ni nukta zisizozidi kumi. Mtumbwi wa dagaa haumo. Taa zake hazimo. Watu wanne waliomo ndani hawamo.

Haya yote ni kasoro za kawaida za lugha yoyote, na lugha hii naipenda. Sababu inaanza pale picha inapoanza kutembea.

Chukua picha za joto za siku moja ya Novemba, kuanzia asubuhi hadi asubuhi, uzipange zifuatane. Dakika 15 kati ya picha na picha, ni picha 96. Zikimbize kwa sekunde kumi. Asubuhi inaanza na ziwa na nchi kavu vikiwa vya rangi moja ya majivu. Jua likipanda, nchi kavu inapata moto na kuwa nyeusi, ziwa linabaki hafifu, na ghafla umbo lake linatokea kama limekatwa kwa mkasi: Ghuba ya Speke, Ukerewe, ule mkono mrefu wa maji unaokuja hadi Mwanza mjini. Saa saba mchana vinaanza kuchemka vidonge vyeupe, na vyote viko nchi kavu. Mara, milima ya Kisii, Geita, Karagwe. Saa kumi jioni vimeungana na kuwa pete. Katikati ya pete, juu ya maji, hakuna kitu. Mvuvi anayefunga injini yake wakati huo ana anga safi juu ya kichwa.

Halafu nchi kavu inapoa. Inageuka nyeupe taratibu huku ziwa likibaki na joto lake, na kufikia usiku vimebadilishana rangi: sasa ziwa ndilo jeusi. Mabadilishano hayo ndiyo dhoruba yenyewe ikiandikwa kabla haijatokea. Mchana maji ni baridi kuliko nchi, kwa hiyo upepo unatoka ziwani na mawingu yanajengwa pembeni. Usiku nchi ni baridi kuliko maji, upepo unageuka, unatoka pande zote za mwambao na kukutana katikati ya ziwa, na ukikutana hauna pa kwenda isipokuwa juu. Katika video hiyo pete inayeyuka kama saa mbili usiku. Kunakuwa kimya. Saa tano kinatokea kidoa. Saa nane ya usiku kidoa ni sahani. Saa tisa sahani imefunika karibu nusu ya ziwa, nyekundu katikati, kingo zake zikitetemeka. Kisha inasukumwa magharibi, inapanda Kagera na alfajiri, na mvua inaishia Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na Mwanza kama nusu yake. Mji mmoja unapokea kilichoandaliwa mbele ya mwingine.

Nimeitazama video ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara najikuta nasubiri ule ukimya wa saa mbili usiku. Kimuundo ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Ni mapumziko kati ya vitendo viwili vya tamthiliya, na ndio wakati mitumbwi ya dagaa imeshatoka, taa zimewashwa, nyavu ziko tayari. Wavuvi wanaingia jukwaani kitendo cha kwanza kimekwisha na cha pili hakijaanza. Satelaiti imewekwa isimame ili kila kingine kionekane kikienda. Mwendo ndio kitu pekee inachokijua kuliko kamera yoyote iliyo karibu. Ukiikata picha moja, saa kumi jioni kwa mfano, unapata ziwa tupu na anga nzuri. Ukiikata saa tisa usiku unapata janga. Picha zote mbili zinadanganya kwa namna yake. Na hiyo ya saa tisa, ndiyo inayozungushwa WhatsApp kesho yake, ikiwa na duara.

Uhusiano wa vitendo hivyo viwili si hisia yangu. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature Communications, wakitumia miaka ya data za satelaiti kuhesabu vile vichwa vya mawingu vinavyotoboa juu kupita kawaida. Walionyesha kwamba mvua za radi za mchana kwenye nchi kavu zinazolizunguka ziwa zinatangulia dhoruba za usiku ziwani, na kwamba dunia ikizidi kupata joto, mvua kali zitaongezeka kwa kasi kubwa zaidi juu ya ziwa kuliko nchi kavu. Mwaka uliofuata wakapendekeza onyo la mapema lijengwe juu ya uhusiano huo. Kwa lugha ya mhakiki, walisema msomaji makini wa kitendo cha kwanza anaweza kukisia cha pili.

Niliipeleka video hiyo Igombe, kwenye simu, kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa na kunguru wakiwa kazini.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini tena?"

Aliitazama mara tatu bila kusema. Sikutegemea alichokitazama. Ile sahani nyekundu hakuijali hata kidogo. Kidole chake kilikuwa kwenye pete ya jioni, upande wa mashariki.

"Hii tunaiona," akasema. "Jioni ukiona umeme unacheza huko Magu, huko Bunda, usiku huo hulali vizuri. Ila sisi tunaona upande mmoja. Huyu anaona pande zote." Akanirudishia simu. "Ya leo hii?"

"Ya juzi, mzee."

"Basi unanionyesha mechi ya juzi."

Sijasoma uhakiki mkali kuliko huo. Mzee hakukataa picha. Alikuwa amekubali uwezo wake kabla mimi sijaanza kuutetea. Alilolikataa ni kwamba imefika baada ya matokeo. Na kwake matokeo yana bei. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu na mitumbwi inakaa. Siku za kazi katika mwezi zinahesabika. Akiacha kutoka usiku mmoja, mafuta hayachomwi, lakini vijana wake pia hawapati mgawo, na kesho kuna mama anayesubiri dagaa wa kukaanga apeleke mnadani. Uamuzi huo anaufanya saa kumi na moja jioni, akitazama anga safi.

Kitu anachopewa wakati huo ni maneno. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina kazi ngumu na imeifanya vizuri kuliko inavyosifiwa. Mwanza ina rada. Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa fedha za Uingereza, ulizikutanisha nchi za ziwa kutengeneza utabiri wa wavuvi, na hapo lile jicho moja lililokosa ofisi moja mwaka 1977 lilianza kupata wasomaji wanaozungumza. Ngazi za Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa ni Kiswahili safi, kila neno zito kuliko lililotangulia. Lakini sentensi ya kila siku, ile ya "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua", imekufa mdomoni. Haina mwendo. Hakuna kinachotoka mahali kwenda mahali, hakuna kinachotangulia wala kinachofuata. Mtaalamu ameitazama video nzima, kitendo cha kwanza na cha pili, halafu ameandika sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu aliyetazama fremu moja. Nadhani neno lenyewe "utabiri" linachangia. Linakaa jirani na mtabiri na mpiga ramli, mtu anayeambiwa na nguvu zisizoonekana; msikilizaji anaamini au haamini, basi. Video ya pete na sahani haimwombi mtu aamini. Inamwonyesha sababu, kisha inamwacha ahukumu, kama mzee alivyohukumu.

Hata saa imeandikwa kwa msomaji mwingine. Kwenye kona ya picha utakuta 0000 UTC. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni 03:00, na kwa mdomo wa mtu yeyote wa Igombe ni saa tisa usiku. Msomaji avuke mito miwili ya tafsiri ili ajue kama kilichomo kimeshapita. Wengi hawavuki, na sioni kwa nini tuwalaumu.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria kwa ajali zinazohusishwa na hali ya hewa. Isome tena namba hiyo. Ndani yake kuna pengo la watu 2,000 kwa mwaka. Vifo tunavyovikumbuka ni vile vyenye jina la chombo: MV Bukoba, 21 Mei 1996; MV Nyerere, 20 Septemba 2018, watu 228, mita chache kutoka Ukara. Vyote viwili vilizidiwa na watu na mizigo, na hakuna satelaiti ambayo ingesaidia. Wale wa dhoruba ya usiku hufa wawili, watatu, mtumbwi hauna jina la kuandikwa kwenye mnara, na habari haivuki mwalo. Ndio maana nasema tatizo la picha hii ni la uandishi. Kamera inaona ziwa lote isipokuwa mtu, na mtu anaona anga yake isipokuwa ziwa. Kazi ya katikati, ya kuweka jina la mtu kwenye nukta ya kilomita 3, haiwezi kufanywa kutoka kilomita 36,000.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, asubuhi, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 walikufa. Siku iliyofuata nililetewa picha ya satelaiti iliyokuwa ikisambaa, wingu kubwa juu ya Kagera, na maelezo ya uhakika kabisa kuhusu chanzo. Sitaki kuongeza langu kwenye hayo. Uchunguzi wa ajali ni kazi ya wachunguzi. Nataka tu kusema jinsi picha ilivyotumika. Ilitumika kama ushahidi wa mahakamani, fremu moja, baada ya tukio, na watu ambao hawakuwahi kuitazama siku nyingine yoyote. Waliowafikia abiria kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na wao hawamo kwenye picha, kama kawaida.

Duara la longitudo 0 sasa linapigwa na Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022: chaneli 16, picha kila dakika 10, na kifaa kipya kinachofuatilia mimweko ya radi kwa kupiga hadi picha 1,000 kwa sekunde. Video zake za kwanza zilipotoka 2023 niliziangalia kwa wivu. Afrika ya Kati ilikuwa inameremeta kama sherehe. Kwenye mwambao wetu radi ya mbali ni jambo la kila usiku: unauona umeme ukicheza upeoni, hausikii ngurumo kwa sababu sauti yake haifiki hata kilomita 30, na watoto wanaambiwa waingie ndani ingawa hakuna kinachokuja. Kuiona radi hiyohiyo kutoka juu, ikiwa na mahali na dakika yake, ni kama kusikia upande wa pili wa simu uliyokuwa ukiisikiliza nusu. Lakini nahofia itatufikia kama zile nyingine: fremu moja, nyota nyingi, duara jekundu.

Ninachokitaka ni kidogo na bei yake ni ndogo. Sekunde kumi za video, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni ya leo, si ya juzi. Ikatwe ibaki na ziwa na mwambao wake tu. Ule mstari wa latitudo 1 uondolewe, wingu halina pasi ya kusafiria. Yaandikwe majina ya Ukerewe, Ukara, Kome na Goziba, na kona iseme saa kwa Kiswahili. Faili lake halizidi uzito wa video ya mtu akicheza harusini, na hizo bando la mtu linazimudu kila siku.

Na mahali pa kuionyesha papo. Mechi nyingi za Ligi Kuu huanza saa kumi jioni. Mapumziko yanaangukia saa kumi na dakika 45, pete ya nchi kavu ikiwa karibu kukamilika na mitumbwi bado iko mchangani. Wakati huo kwenye vibanda umiza vya mialoni kuna wanaume hamsini wanaotazama tangazo la bia. Mwenye kibanda mmoja wa Igombe, nilipomweleza wazo hili, aliuliza swali moja: ina sauti? Nikamwambia haina. Akafikiri kidogo, akasema basi itabidi mtu asimame mbele aeleze, na kwamba anamjua wa kumwita, ila mzee huyo atataka apewe na soda.